Chungu Kimoja cha Lupango Letu

Tulipomzika Mama Riziki, kilio kilikuwa uani kwa mwanawe hapa mjini Baraka, na siku nzima nilikaa mkekani pamoja na Asende seremala, ambaye siku hizi anatembea kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe na bado hajamaliza kuikosoa. Chakula kilipoletwa, nilimhamishia Asende kichwa cha samaki wangu, naye akanisogezea pilipili yake, wala hatukusemezana. Mjukuu wangu, msichana anayesoma chuo kikuu kule Bukavu, alituangalia kwa muda, kisha akaniinamia sikioni mimi nyanya yake, ambaye wajukuu wote huniita Tate: “Tate, huyu muzee ni ndugu yetu wa wapi?” Nikamwambia si ndugu. “Sasa ni nani?” Asende masikio yake hayajazeeka; akadakia kabla sijafungua mdomo: “Mi ni mulango wa pili, mutoto. Tate yako ni mulango wa tatu. Na huyu tumezika leo ni mulango wa kwanza.” Msichana akacheka, akadhani ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha. Nililala usiku ule nikijua kwamba nikifa mimi na Asende, hakuna atakayebaki wa kueleza maana ya maneno hayo, na mimi sipendi mambo mazuri yafe kwa uvivu wa kusimulia.

Nilikolelewa na wazazi wangu walikuwa nani, hayo nayaacha. Hayakunifundisha nusu ya yale niliyofundishwa na ule mwaka mmoja. Ulikuwa katika miaka ile ambayo Wazungu bado walijenga nyumba kama watu wasiofikiria kuondoka. Nilishuka kutoka Lubondja na mtoto wangu wa kwanza, Feza, mgongoni, kumfuata bwana yangu Wilondja, karani katika bohari la pamba. Nilidhani karani ana nyumba. Wilondja akanipeleka kwenye lupango, ua mmoja mpana wenye vyumba sita vya udongo vilivyotazamana, jiko moja la makuti katikati, choo kimoja nyuma, na pembeni kibanda kisicho na ukuta mzima, ambacho sisi Wabembe tunakiita lubunga, wanaume wanapokula pamoja na kuamua mambo yao. Chumba chetu kilikuwa cha tatu. Mlango ulikuwa wa mabanzi, haukuwa na kufuli. Nilimwuliza Wilondja, “Tunafunga na nini?” Akajibu, “Tunafunga juu ya nini?” yaani kwa sababu gani. Nikanuna. Mimi nilitaka mlango wenye ufunguo, ufunguo nitakaoufunga kwenye ncha ya kitenge changu, watu wauone ninapopita sokoni. Cheka ukitaka. Nilikuwa kijana, na hilo ndilo nililoliota.

Utaratibu wa lupango ulikuwa wa Mama Riziki, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia mitumbwi, na ulikuwa hivi: kila siku mwanamke mmoja anapika kwa ajili ya milango yote, chungu kimoja, moto mmoja, na wengine wote siku hiyo wako huru. Huru, unasikia? Wengine wanaenda shamba la pamba, wengine ziwani kununua ndakala, vile visamaki vidogo vya kukausha, wengine wanalala tu mchana kwa sababu mtoto aliwakesha. Zamu yako ikifika unapika mara moja, halafu siku tano hujui hata kuni zimetoka wapi. Wajukuu wangu wanasikia hivi wanasema, “Tate, ule ulikuwa umaskini.” Nawatazama wanavyorudi kazini jioni, kila mmoja anawasha jiko lake, anakatakata kitunguu chake peke yake huku amekasirika, nasema kimoyomoyo, haya, tajiri, endelea. Mimi mwaka ule nilipata muda wa kujifunza kushona. Mwanamke mwenye mtoto mchanga! Nani leo anaupata?

Lakini sikuanza vizuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa mwiko, na mwiko wenyewe Asende alikuwa ameuchonga kutoka kwenye kasia lililovunjika, mrefu kiasi kwamba nilisimama kupika bugali badala ya kukaa. Nilizoea kusonga wa watu wawili. Ule wa lupango zima ulinishinda nguvu, ukatoka na madonge. Mama Riziki alisimama nyuma yangu akaniuliza, “Uko napika ao uko nasali?” Sahani zilipofika lubunga, moja ilirudi. Ilikuwa ya Mzee Ebuela, mwenye lupango, mvuvi aliyeacha ziwa akabaki kushona nyavu za wengine, mkali, na kinywani amebakiwa na jino moja la kuhesabika. Aliyeileta alitumwa na maneno, akayasema kwa sauti ili kila mtu ayasikie: “Mwambie bibi ya karani, mi nilimupa nyumba. Sikumupa ruhusa ya kunivunja hili moja limebaki.” Ua mzima uliangua kicheko. Mimi nilikimbilia chumbani nikalia, na mlango usiofungika ukafunguliwa papo hapo, Mama Riziki akaingia bila hodi, akakaa kitandani kwangu.

“Sahani iko na mwenyewe,” aliniambia. “Haupakuli bugali, unamupakulia mutu.” Kesho yake akanifundisha kana kwamba ananifundisha sala. Ya Mzee Ebuela itolewe mwisho, kutoka katikati ya chungu ambako ni laini, na mchuzi mwingi. Ya Asende ipate kichwa cha samaki, maana hicho ndicho anachokipenda na hatakiomba hata afe. Yake mwenyewe Mama Riziki isiguswe na pilipili, tumbo lake lilikuwa halitaki. Na ya mlango wa tano ipikwe kando kabisa, kwenye chungu kidogo kisichojua samaki: maharage, basi. Mlango wa tano alikuwa Nyamwiza, mwanamke mrefu, mpole, aliyetoka juu milimani Minembwe, ambaye bwana yake alichunga ng'ombe wa maziwa wa Wazungu wa pamba. Kwao samaki na maziwa havikutani tumboni. Anayekula samaki akinywa maziwa yao, ng'ombe watakauka. Mwanzoni niliona ni majivuno. Eti kukaa Baraka, ziwa liko pale, na kukataa samaki! Nikasema hivyo jikoni, na Mama Riziki akanijibu tu, “We unakula panya?” Nikasema hapana. “Basi kuko batu banakushangaa.”

Halafu homa ikanikamata, ile ya kutetemesha meno, nikalala siku nyingi nisijue jua limetoka wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Kazi yangu hakuna aliyeitangaza kuwa kazi yake, lakini ilifanyika. Zamu yangu ya kupika ilipita mikononi mwa mtu, sijui nani. Wilondja alienda bohari na shati lililofuliwa. Maziwa yangu yalikauka, Feza akalia mpaka sauti ikakwisha, na Nyamwiza akaja na kibuyu chake kidogo kilichofukizwa moshi, akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, “Mutoto hayajaonja samaki. Ngombe hazitakasirika.” Akamnywesha kwa kidole, tone baada ya tone, kila asubuhi na kila jioni, mpaka nilipoinuka. Feza huyo leo ana wajukuu. Sasa mtu aniambie tena habari ya umaskini.

Ungefikiri nilipopona nilisahau ule ufunguo. Sikuusahau, ndiyo ubaya wa moyo wa binadamu. Na siku moja, nikichambua sombe, majani ya muhogo, karibu na lubunga, nilisikia kupitia matete sauti ya Wilondja akiwaambia wanaume kwamba ameomba karte. Nieleze, maana watoto wa leo hawajui. Miaka ile Mzungu alikuwa akichagua Waafrika wachache, akawaita evoluwe, watu waliokwisha “kuendelea”, akawapa karte, kadi ya kuthibitisha hivyo. Mwenye karte hapigwi fimbo. Mwenye karte anaweza kupandishwa kazi. Na kule Fizi, kwenye biro, ofisi ya serikali ya mlimani, walihitaji karani wa namna hiyo, na karani huyo angepewa nyumba ya matofali, bati juu, mlango wa mbao. Nilisimamisha mikono kwenye sombe. Asende akauliza, “Banapimaka nini?” Wilondja akasema watakuja watu kumtazama nyumbani: kama anakula mezani na mke wake, kwa sahani na uma, kama nyumba yake haijajaa ndugu na jirani, kama anaishi yeye na bibi na mtoto, basi. Kisha Mzee Ebuela akasema, “Yaani banataka kukuona hauko na mutu.” Wilondja akajibu kwa sauti ndogo: “Muzee, mwaka juzi balinipiga fimbo mbele ya bapagazi juu ya gunia moja lilipotea, na haikuwa mi. Sitaki tena.” Na mimi, naapa, tangu dakika ile niliitaka ile karte kuliko yeye. Nilimtakia asipigwe tena, na nilijitakia ule mlango. Yote mawili.

Sasa sikiliza jinsi watu wa lupango lile walivyokuwa wapumbavu wa kupendeza: wao wenyewe ndio waliojitolea kumsaidia kuonyesha kwamba hawapo. Asende aliacha kazi ya mteja akatengeneza meza na viti viwili, akavipaka mafuta ya mawese ving'ae. Mama Riziki alikopa uma na visu kwa mpishi wa Wazungu, akaviweka chini ya mto wake kama dhahabu. Lubunga walilijaza kuni lionekane ghala. Jioni tulifanya mazoezi, mimi na Wilondja mezani katikati ya ua, wengine wote wamekaa chini kutuzunguka wakitoa amri. “Shika kisu mukono ya kuume!” “Usifungue mudomo sana, Muzungu hafungui!” Umewahi kujaribu kula bugali kwa uma? Unang'ang'ania kama gundi. Ndakala nao wanaruka. Mmoja aliruka akamwangukia Mzee Ebuela kwenye ndevu, akamtoa, akamla, akasema, “Mi pia nimeendelea.” Nyamwiza alicheka mpaka akajifunika uso kwa nguo. Nadhani sijawahi kufurahi mezani kama siku zile za kujifunza kuwaacha.

Siku yenyewe ikafika. Tangu asubuhi walianza kuondoka, ila walienda wapi? Wakakaa nyuma ya ukuta wa matete, upande wa choo, wote, na watoto wote, na Feza wangu waliniachia kwa sababu alikuwa katika hesabu. Ua ulikuwa umefagiliwa ukawa kama kitanda kisicholaliwa na mtu. Nilikuwa sijapata kuusikia kimya, na ulinitisha. Wakaja watatu: Mzungu mwenye masharubu mekundu, mwenzake kijana asiyesema kitu, na mkalimani, Mwafrika kutoka Fizi, mwenye karte yake tayari na viatu vya kung'aa. Waliangalia kitanda, waliangalia chandarua, waliangalia masikio ya mtoto. Mzungu akauliza kwa kinywa cha mkalimani: “Muko bangapi humu?” Wilondja akasimama wima. “Tuko batatu,” akasema. “Mi, bibi yangu, na mutoto.” Nilisikia kikohozi kidogo nyuma ya matete, kikazimwa na kiganja. Tukakaa mezani, tukala mbele yao kwa uma, na tulikula vizuri, wala hakuna ndakala aliyeruka. Mzungu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaandika. Nikaona kabisa, kwa macho yangu, mlango wa mbao kule Fizi ukifunguka.

Kisha akasema anataka kuona jiko, kama ni safi.

Mimi sikuwa na wasiwasi, jiko nililifagia mwenyewe. Niliwatangulia. Na nilipoinama kuingia ndipo nilipoona mikono yangu ilichokuwa imefanya asubuhi bila kuniuliza. Siku ile ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimepika chungu kizima, na nilikuwa nimepakua. Pale kwenye mkeka, kwa mstari, zimefunikwa kwa majani ya mgomba, zilikuwa sahani za lupango lote, kila moja mahali pake, na kile chungu kidogo cha maharage kando. Ile mikono mijinga! Walikuwa nyuma ya choo hawajala, ningepakuaje kidogo? Mzungu akafunua jani moja, akafunua la pili. Akauliza kitu, polepole. Mkalimani akanigeukia. Macho yake hayakuwa mabaya. Nadhani alikuwa mtu mwema aliyezoea. Akaniambia kwa sauti ya chini, haraka, maneno yasiyokuwa ya Mzungu: “Mama, sema ni chakula ya baboyi. Sema bwana yako iko na baboyi. Itakuwa muzuri zaidi.”

Maboi. Watumishi. Lilikuwa neno dogo, na lingetupatia kila kitu. Nilimtazama Wilondja mlangoni. Alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa unaniomba, nasema kweli, uliniomba kama mtoto. Nilijua anachoomba ni mgongo wake. Na nyuma ya matete, hatua chache tu kutoka hapo, alikuwa Mama Riziki aliyelala sakafuni kwangu wakati wa homa, na Nyamwiza na kidole chake kilichomlisha mwanangu, na wote walikuwa wanasikia. Nikasema, “Si ya baboyi. Ni ya benyewe.” Nikainama nikafunua moja moja. “Hii ya Muzee Ebuela, iko laini, hana meno. Hii ya Asende, iko na kichwa. Hii ya Mama Riziki, haina pilipili. Hii maharage iko ya Nyamwiza, kwabo habakule samaki.” Nikaendelea mpaka mwisho wa mkeka. Mkalimani akatafsiri. Mzungu hakukasirika hata kidogo. Alirudisha majani juu ya sahani kwa adabu, akafunga kalamu yake, akaenda.

Jibu lilikuja kabla ya mvua: bado, karani huyu anaishi kikabila, ajaribu miaka mingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Wilondja hakunipiga wala hakunitukana, laiti angenitukana. Alinyamaza. Akaingiza ile meza chumbani, na akaanza kula humo ndani peke yake, mlango umerudishwa. Kwetu mwanaume anayekula peke yake anaogopwa, watu hupunguza sauti wakipita mlangoni kwake. Nilimpelekea sahani yake, akasema asante kama mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa na hakika mbele ya Mzungu, na sasa hakika yote iliniisha, nikajiuliza nimemwokoa nani. Nyumba nimeikosa, sawa. Lakini bwana?

Basi mchana mmoja wa Jumapili, sahani zilipopelekwa lubunga, nilimwona Mzee Ebuela akiinuka na ya kwake mkononi. Akavuka ua, akakaa chini mbele ya mlango wetu. Asende akamfuata. Bwana yake Nyamwiza na maharage yake akamfuata. Wakakaa wote pale, migongo kwenye ukuta wetu, wakaanza kula bila haraka. Kutoka ndani Wilondja akasema, “Bazee, mi nataka kukaa peke yangu.” Ebuela akajibu mdomo umejaa, “Kaa. Nani anakukataza? Sisi tuko nakula.” Wakala. Wakazungumza habari za nyavu, habari za bei ya pamba, habari ya mbuzi mmoja aliyekula kofia ya katekista. Muda mrefu. Kisha mlango ukafunguka, Wilondja akatoka na sahani yake, akasimama, hakujua aiweke wapi.

“Mi nilimwambia ule Muzungu tuko batatu,” alisema, akitazama chini.

“Tulisikia,” Asende akasema. “Tulikuwa nyuma ya choo. Ulisema kwa nguvu.”

Hakuna aliyecheka. Ebuela akasogea, akapapasa nafasi aliyoiacha ukutani. “Kaa, mutoto. Hata mi wangenipiga fimbo ningesema niko moja.” Wilondja akakaa. Niliona mabega yake yakishuka, yakatetemeka, na wale wanaume wakatazama pembeni, wakaanza upya habari ya mbuzi na kofia ili awe na muda.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, sijala tangu asubuhi, wala sikuwa na hamu. Mama Riziki akanivuta mkono. “Na we ulisahau moja,” akasema. “Siku ile ulimutajia Muzungu sahani ya kila mutu. Ya kwako hukutaja.” Nikamwambia sikuipakua, yangu ilikuwa mezani. “Haiwezekani,” akasema. “Kila siku iko.” Akanipa sahani iliyokuwa imefunikwa pembeni ya moto. Ndani, juu ya bugali, alikuwa ameweka kipande kikubwa cha ukoko, ule mgumu wa chini ya chungu, umeungua kidogo upande mmoja. Naupenda ukoko tangu utoto, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote katika lupango lile. Nililia, nikala, nikamaliza wote.